Siku Sukari Iliponishuka Mpungani

Chara

Kwa dada yangu mpendwa Mapenzi,

Pokea salamu nyingi. Natumai wewe, shemeji na watoto hapo Hola hamjambo. Mimi mzima, na bado ndiye kijana mwenye sura nzuri kuliko wote delta nzima, hata ukikunja uso. Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Kuna neno humu limeushinda huu mdomo wangu mkubwa.

Jumanne kikundi chetu kililima shamba la mpunga la mamake Kanze, yule msichana ninayemwonea haya. Desturi unaijua: sufuria haifunguliwi mpaka mstari wa mwisho uishe. Asubuhi nilijidunga insulini, uji nikauruka, nikakimbilia kuonyesha watu jembe linavyoshikwa. Niliwaacha wote nyuma, waulize! Saa nne mikono ikatetemeka, jasho baridi likanitoka, nikawa nalima njia badala ya shamba. Wenzangu wakacheka kwamba Kitsao kapitia kwa mgema.

Philemon, ninayemwita Kobe kwa ulegevu wake shambani, hakucheka. Mamake ana kisukari. Alinikalisha, akaniuliza nimekula nini, nikamjibu upuuzi. Akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akaninywesha huku akinitukana kila funda. Robo saa baadaye, nilipomtambua, akaamuru sufuria ifunguliwe. Wazee walinung'unika, ikafunguliwa. Nilikula wali na samaki peke yangu, watu ishirini wakinitazama. Philemon alisema kobe angalau hunywa uji wake. Nami nikaendelea kutafuna.

Namshukuru yeye, nakushukuru na wewe uliyenifundisha kula nikishajidunga na kutembea na sukari mfukoni. Nilikusikia, nikajifanya mjuzi.

Sasa lile neno. Krismasi uliponikuta nyuma ya jiko nikibwabwaja, ukanizaba kofi mbele ya wageni, sikuwa nimeonja hata tone. Sukari ilikuwa imeshuka. Chai tamu ya mama, ya kunitoa pombe, ndiyo iliyoniokoa bila yeye kujua. Nilikubali kuitwa mlevi kwa sababu mlevi anachekwa tu, mgonjwa anaonewa huruma. Nisamehe, dada.

Siku ile shambani niliwaambia wote, Kanze akisikia, kwamba nina kisukari. Kisha wakakubaliana kuwa kuanzia sasa mimi nitakula kwanza, na kama ni kunicheka, watanicheka nikishameza.

Wasalimie wote hapo, na mbusu yule mdogo anayefanana nami, mwenye bahati.

Ni mimi mdogo wako,
Kitsao