Wimbo Niliomtungia Mutua

Jumanne, baada ya chai ya jioni

Kwenye ngumbaru, shule ya watu wazima, walinifundisha kuandika uzeeni, kumbe ni ili niandike aibu yangu mwenyewe.

Mjukuu wangu Mwende alinionyesha picha kwenye kitabu cha shule. Mmarekani amesimama juu ya mwezi.

"Huo ni uongo," nikasema.

"Susu, walifika kweli! Hata mama alikuwa hajazaliwa."

Nikakaa chini. Mume wangu Mutua aliisikia habari hiyo kwa redio ya duka kule Emali, akaja mbio aniambie mimi kwanza. Nikamcheka. Kesho yake kwenye mwethya, kazi yetu ya pamoja, tukichimba mitaro ya shamba na akina mama wenzangu, nikamtungia wimbo: mzee wangu amelewa mpaka ameona watu mwezini. Waliuimba mpaka mvua ikanyesha.

Tangu hapo, akitoka Emali aliniletea chumvi na sukari tu. Habari hakuniletea tena, mpaka nikamzika.

Na Syombua, mmoja wa wale akina mama, bado anauimba akipalilia, mdomo wazi. Kesho nitamnyamazisha mbele ya wote, niseme Mutua hakuwa mlevi, mjinga nilikuwa mimi.

Mutua, niambie tena. Walitembeaje huko juu? Sicheki.