Mstari Mmoja wa Wasifu wa Shrirang

Satara, Jumanne

Kwa Dada yangu mpendwa Vaidehi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Pune, kikohozi kimekuacha, na zamu za hospitali hazikukondeshi. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Bibi magoti yanamsumbua, ila ulimi wake ni mzima kabisa. Usishangae nimeandika na simu ipo. Kwenye simu Mama husimama begani kwangu, nami maneno hunikauka mdomoni.

Maandalizi ya kuvishwa kwako pete Jumapili yamepamba moto, lakini nyumba nzima inamtazama mama yake mchumba wako Shrirang kwa jicho la pembeni. Bibi anasema siku walipokuja kukuona, yule mama aliigeuza kila punje ya ule mchele wetu wa pohe kwenye sahani kama askari anayepekua mzigo. Tena alikuuliza mara mbili kama unaweza kuishi kwenye nyumba yenye kelele. Hapo Bibi akamfinya Mama: "Umesikia? Huyo anatangaza vita mapema!" Shangazi Kusum, kwa kuwa posa kaileta yeye, akajaribu kumtetea. Bibi akamwambia anyamaze, yeye hata nyati angemwita mpole ilimradi harusi ifungwe. Na juzi yule mama alipiga simu kuuliza kama ungependa chumba kidogo cha nyuma kipakwe rangi ya njano. Bibi akasema humo ndimo atakamokufungia.

Chanzo cha shaka zote hizi unakijua, ni mimi. Wasifu wa Shrirang ulikuja kwa Kiingereza, na Baba alinipa mimi niusome mbele ya wote, maana ndimi ninayesoma shule ya Kiingereza. Palikuwa na mstari huu: "Divorced. One issue, with mother." Nikautafsiri bila kusita: ameachana na mkewe, palikuwa na tatizo moja, na mama. Wote wakaguna. Ikawa ndiyo hivyo, mama mkwe mkorofi alimkimbiza mke wa kwanza. Ulipoelezwa ulicheka, ukasema wagonjwa wakali kuliko yeye umewalaza kitandani.

Kuna jambo hukulisikia kwa sababu ulikuwa jikoni. Baba alimwambia Shrirang, kwa upole, kwamba ile issue tumeisoma na haitusumbui. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Shrirang aliishika mikono ya Baba, machozi yakamlengalenga, akasema familia tatu zilifika kwenye mstari huo zikarudisha karatasi. Walipoondoka Baba akasema kijana huyu amezidi kumng'ang'ania mama yake, tuwe macho. Mimi nilimshuku kuliko wote. Nilimwona akitoka kwenda uani mara tatu kusikiliza simu, akiongea kwa kubembeleza, mara moja akiimba kabisa. Nikajiambia ana mwanamke.

Sasa lile ninaloogopa kuliandika. Wiki mbili zilizopita mwalimu wetu wa Kiingereza, Bi Apte, aliliandika neno hilo ubaoni akatuuliza maana zake. Tukasema tatizo. Mwingine akasema toleo la gazeti, mwingine kumpa mtu kitabu maktabani. Akasema bado kuna moja, watu wa kwetu huiandika kwenye hati za urithi na kwenye karatasi za posa: mtoto. Darasa zima likacheka. Mimi niliuandika ule mstari upya pembeni mwa daftari.

Dada, Shrirang ana mtoto. Mstari ule ulisema ana mtoto mmoja, anayeishi na mama yake, yule mke wa kwanza. Hawakutuficha kitu; ile kelele, chumba cha njano na nyimbo za kwenye simu, nadhani vyote ni vya huyo mtoto. Wao wanadhani tunajua, tena wanadhani tumekubali.

Ningekuwa na moyo ningekimbia nyumbani kusema. Sikukimbia. Baba amemsimulia kila mgeni jinsi nilivyousoma wasifu bila kamusi, nikaona haya, nikasema kesho, kisha kesho tena. Alhamisi uliponipigia ukaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika na mstari ule, nilikuwa nimekwisha kujua siku tisa. Nikakujibu ndiyo. Ukasema, "Basi, wewe nakuamini kuliko Shangazi." Kosa la kutafsiri unaweza kulicheka, lakini ile ndiyo haikuwa kosa. Ulikuwa uongo, na wewe ndiye unayeolewa.

Sikuombi umkubali wala umkatae. Ila mpigie kabla ya Jumapili. Usimuulize kama ana mtoto, atadhani tumegeuka. Muulize mtoto anaitwa nani na ana miaka mingapi, kisha usikilize anavyojibu. Binamu Mukta, anayekuletea barua hii, anapanda basi kesho asubuhi. Nami leo Baba akirudi nitamwambia, Bibi akiwa hapo hapo. Nitasema kwa Kimarathi, nisipate neno la kujifichia.

Wasalimie wenzako wa bwenini, na ule vizuri. Ukikasirika, nikasirikie mimi, si Shrirang na mama yake.

Ni mimi mdogo wako,
Ketaki