Kitambaa cha Kulalia

Mama Chiriku wangu,

Salamu zako zimefika, nasi tu wazima. Nywele za binti yako sasa nazimudu, wacha kucheka. Sizichani tena zikiwa kavu. Nazilowesha, napaka utomvu wa shubiri ya uani kwa jirani na mafuta ya nazi kidogo, ndipo chanuo linaanzia nchani. Yale mafuta ya dukani bei haishikiki. Jana nilimsuka mabutu mawili, moja likalala upande kama mlevi, lakini alienda nayo shule kifua mbele.

Ila kuna jambo nimeharibu. Msusi wa mtaani aliniambia nywele zilalie satini zisikatike, nikakumbuka kitambaa chako kilichobaki chini ya mto wako. Nikakifua vizuri kwa sabuni, nikakianika, nikamfunga kichwani. Akakivua, akakinusa, akaangua kilio: "Baba, umemfua Mama!"

Nilimbembeleza mpaka akanyamaza.

Mkataba wako wa kazi huko umebakiza mwaka na nusu, najua. Basi jifunge kitambaa kingine wiki nzima, usikifue, umpe yeyote anayekuja huku atuletee.

Ukiweza, tuma viwili.

Wako,
Baba Chiriku