Nilikupakia Bila Kukuona Uso

Mpendwa baba mkwe,

Jina lako sijawahi kulitamka, na hata humu sitaliandika. Barua hii naiacha wazi, anayetaka aisome, kwa sababu tangu tulipokuzika kina mama wa kwaya wananiuliza ilikuwaje nikampakia baba mkwe kwenye baiskeli miezi mitano, na nimechoka kumweleza mmoja mmoja. Wewe unajua ilivyokuwa. Nitakukumbusha wewe, wao wasikilize.

Nimekaa kwenye mji wako hapa Bujonde miaka ishirini na sita. Muda wote huo nilikujua kwa kikohozi, kwa kofia inayopita nyuma ya migomba na kwa kengele ya baiskeli yako. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Siku hizi wengi wameacha, lakini wewe hukuacha, nami nilikuta hivyo nikafuata. Ukifika kwenye kona ya shamba la kokoa unapiga kengele mara mbili. Mimi nashuka kwenye baiskeli yangu, naipa barabara mgongo mpaka nisikie umepita. Unakumbuka siku nilipokuwa nimefunga mikungu mitatu ya ndizi kwenye keria, nikashindwa kushuka? Sikukuona. Nilisikia kengele, kisha kimya, kisha baiskeli yako nzima ikiingia kwenye majaruba ya mpunga. Jioni mama, mkeo, alifua suruali yako huku akicheka peke yake.

Halafu ukajikata mguu kwa jembe. Kilikuwa kidonda kidogo, lakini una sukari, kikakataa kufunga. Muuguzi wa zahanati akasema kisafishwe kila Jumatatu na Alhamisi, la sivyo mguu utakatwa. Mwanao alikuwa Mbeya kwenye kazi ya ujenzi. Bodaboda walikupeleka mara mbili kwa barabara kubwa, na mara zote mbili ulirudi bandeji imelowa damu kwa kutikiswa. Ukasema hupandi tena pikipiki, bora mguu uozee nyumbani. Alhamisi hukwenda. Jumatatu hukwenda. Jumatano mama akanifuata jikoni.

"Kidonda kimeanza kunuka," akasema. "Wewe una baiskeli."

"Mama, nitampakiaje mkwe?"

"Utatazama mbele. Kuna mtu anayeendesha baiskeli akitazama nyuma?"

Kesho yake asubuhi niliishika baiskeli nikiwa nimegeukia upande wa ziwa. Mama akakupandisha kwenye keria, akaupitisha mguu mbovu kwenye kitanzi cha kamba ili usining'inie. Nikasikia keria inalia. Nikapanda, tukaondoka.

Nilipita barabara ya zamani ya kwenda bandari ya Itungi, ile ya changarawe, ingawa inazunguka. Mama anasema enzi za meli malori yalikuwa yakipishana pale. Siku hizi imebaki ya baiskeli na ng'ombe, na kuna asubuhi hukutani na mtu hata mmoja. Niliichagua kwa hilo tu. Niliona aibu. Mpunga ulikuwa mbichi pande zote mbili, milima ya Matema iko mbele, na kitu pekee kilichosikika ni matairi yanavyosaga mawe. Wewe mzito, na mimi sikuthubutu hata kupumua kwa sauti.

Karibu na kalavati la pili uliguna. Kisha ukasema, "Shika kushoto. Kulia changarawe imelala."

Hayo ndiyo maneno yako ya kwanza kwangu. Nikashika kushoto. Tuliporudi nyumbani, kabla mama hajakushusha, nikakushukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, tata." Nilikuwa nauambia usukani. Ukajibu, "Ndaga fijo," sijui uliiambia migomba au nani, lakini shukrani niliipokea.

Basi ikawa hivyo kila Jumatatu na Alhamisi. Wiki ya tatu tulikuwa tunaongea kuanzia kona ya kokoa mpaka mlango wa zahanati. Wewe uliongea na mgongo wangu, mimi niliongea na barabara, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Ulinisimulia ulivyokuwa mpakiaji wa mizigo bandarini ujanani, mkirudi jioni wanaume kumi na wawili kwa baiskeli, mnashindana nani atafika kalavati la kwanza bila kushika breki. Ulinifundisha kusoma changarawe: iliyokaa ina rangi ya kijivu, iliyomwagwa karibuni ni nyekundu na inateleza. Mimi nilikusimulia kwetu Njisi, na mama yangu mdogo aliyeolewa ng'ambo ya mto, Malawi, anayevuka kuja kuuza vitenge.

Kisha ukasema, "Mimi ndiye niliyekataa usiolewe hapa. Nilisema binti wa mpakani hatulii."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Jiko letu lina ukuta wa mianzi, baba."

Nilisikia keria inatikisika, nikadhani unaanguka. Kumbe unacheka. Ulipomaliza ulisema, "Nilikosea." Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimeyabeba maneno yale ya binti wa mpakani, yakaishia pale, kati ya makalavati mawili.

Mwezi wa pili tulikutana na dada yako, anatoka Itungi na ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani, kichwani. Alisimama katikati ya barabara, nikalazimika kushika breki.

"Kaka, huyu si mke wa mwanao?"

"Ndiye."

"Na wewe umekaa hapo?"

"Ningekaa wapi? Kuendesha nimeshindwa."

Hakucheka. Jumapili baada ya ibada ukoo ulikaa sebuleni kwako. Mimi nilikuwa jikoni nachagua mchele, nasikia kila kitu. Dada yako akasema nimewaaibisha, nirudishwe Njisi mpaka mume wangu atoke Mbeya. Nikawa natupa mchele na kubakiza mawe. Wengine wakasema afadhali mguu ukatwe, heshima ibaki. Wewe uliwasubiri wote wamalize.

"Huyu mtoto hajawahi kuniona uso," ukasema. "Nendeni mkamuulize kovu langu liko shavu gani."

Dada yako akaja mpaka mlango wa jiko. "Kovu la kaka liko shavu gani?"

"Shangazi, sikujua kama ana kovu."

Akarudi sebuleni akawaambia. Mama ndiye aliyeanza kucheka, na hakuna tena aliyesema niache.

Kidonda kilifunga wakati wa kuvuna mpunga. Alhamisi ya mwisho muuguzi alisema usirudi tena. Tukiwa njiani kurudi, kwenye kalavati, uliniomba nisimame, nikasimama nimeishika baiskeli, wewe umekaa.

"Umechoka, baba?"

"Sijachoka. Wiki ijayo nitakuwa naendesha yangu."

Nilielewa. Jumatatu nilikuwa natoka shambani, nikasikia kengele mara mbili. Nikashuka, nikaipa barabara mgongo, ukapita. Hukusimama, nami sikugeuka. Kila mmoja alifanya linalompasa. Lakini nikwambie kweli, niliumia. Nilikuwa nimeomba kanisani upone, na ulipopona nikakosa mtu wa kuongea naye.

Tuliishi hivyo mwaka mmoja na zaidi. Moyo ukakuangusha asubuhi, kwenye kokoa, na mguu ule ukiwa mzima.

Siku ya kukuaga, wanawake walikuwa wakipita kwa mstari. Mimi nilibaki nje kwenye mafiga. Dada yako akatoka, akanishika mkono. "Njoo umwone," akasema. "Wewe ndiye uliyemtunza." Nikaingia nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimesema mbele ya ukoo kwamba uso wako siujui, na sikutaka kuanza kuujua wakati wewe huwezi tena kunijua. Nikamwomba mama anifunulie shuka upande wa miguu.

Mguu ule nao sikuwa nimewahi kuuona. Nilikuwa nimeusafirisha miezi mitano, kwenda na kurudi. Niliona ngozi mpya, laini, yenye rangi nyepesi kuliko iliyobaki. Nikaugusa. Kisha nikarudi kwenye mafiga, ugali ulikuwa umekaribia kuungua.

Mwanao amerudi, haondoki tena. Mjukuu wako analeta mchumba baada ya mavuno, msichana wa Mwanza anayeongea sana. Mume wangu aliniuliza atamfanyaje, amkwepe au amsalimie. Nimemwambia amsalimie kwa mkono, amtazame, waongee mapema wakiwa wote wazima. Kama nimekosea, mila ni yako, nisamehe. Sikutaka binti wa watu asubiri mpaka mtu augue.

Lala salama, baba.

Mkweo,
mama Subilaga