Mota Iliyong'oka Mazwi

Meshack, niko hospitali. Ile mota niliyoifunga kwenye mashine ya kusaga pale Mazwi imeng'oka.

Imeng'oka na boliti zake zote nne, kwenye zege yamebaki mashimo tu. Mkanda ukaivuta mpaka kwa Polikarp, yule msagaji. Imemvunja mguu.

Na asubuhi aliniuliza mwenyewe, "Fundi, zege la siku tatu litashika kweli?" Nikamwambia, "Litashika, washa."

Nilijua halijakomaa. Nilijua kabisa. Ila watu walishapanga foleni na mahindi yao, nikaona aibu kuwarudisha.

Mkewe Kristiana kafika sasa hivi, hanifahamu. Kanishukuru sana kwa kumleta mumewe. Halafu kaniuliza, "Kwani hiyo mota aliifunga nani?"

Nimemwambia simjui.