Chama cha Wiki Chache na Visu vya Sir

Alhamisi, mwanzo wa Januari. Ukungu tangu alfajiri, hata reli ya metro haionekani kutoka dirisha letu hapa Karama, huku Uarabuni. Na mimi leo siamini mtu.

Nianze na chama kimoja cha siasa cha Japani. Mwezi uliopita Sir, mpishi mkuu wa mkahawa wa Kijapani katika hoteli yetu ya Garhoud, hakuwa na habari nyingine. Wanasiasa wa kwao walijitoa chama tawala wakaunda chao, na kila mchana wateja wakipungua alituonyesha kwenye simu jinsi wanavyoinama mbele ya kamera, huku akitutafsiria. Alisema hawa ndio wenye moyo. Uchaguzi ukaja, wakabwagwa vibaya. Kabla mwaka haujaisha, chama kikavunjika, kila mtu na lwake.

Nilimuuliza Sir waliojitoa watakwenda wapi. Akasema wakubwa hawakosi pa kuangukia, wengine hata kule walikotoka watapokewa. Na wale waliokuwa wakiwabandikia mabango je? Akacheka, akarudi kwenye samaki wake.

Kicheko kile sikukipenda.

Maana Sir naye anajitoa. Anasema anafungua mkahawa wake Mankhool, ameshapata arbab, tajiri mwenyeji wa kumdhamini, na anataka mimi na Namutebi tuache kazi tumfuate. Namutebi ni Mganda, tunaishi chumba kimoja. Visa zetu zote mbili ziko kwa hoteli. Tukiacha, halafu huko Mankhool pasifunguliwe, ni kupanda ndege kurudi makwetu, na mimi Mombasa nina mama na mtoto wanaonitegemea. Sitaki kurudi mikono mitupu. Naogopa, na sioni haya kusema.

Namutebi haogopi. "Dada, wewe unashuku mpaka maji ya kunywa," ananiambia. "Sir mwenyewe ameacha kazi, si tulimuaga juzi?"

Tulimuaga, kweli. Keki ilikatwa, Sir akatokwa na machozi, na mimi na ushupavu wangu wote nikalia. Nampenda yule mzee. Amenifundisha wali wa sushi bila kunifokea hata siku moja.

Leo asubuhi nikafungua droo ya pili jikoni kutafuta taulo. Visu vyake vimo.

Mpishi wa Kijapani hatumii visu vya hoteli. Huja na vyake, huvinoa mwenyewe, na ukivigusa utamjua. Mpishi wa namna hiyo akihama, visu ndivyo vya kwanza kutoka. Lakini mwaka jana Sir alipokwenda kwao likizo aliviacha hapa, vimepakwa mafuta visishike kutu, vimeviringishwa kwenye taulo jeupe. Nimevikuta vivyo hivyo leo.

Mchana nikamfuata msimamizi wa zamu, nikamuuliza nani sasa atakuwa mpishi mkuu.

"Kwani Sir ameacha?" akashangaa. "Ameomba likizo bila mshahara. Akimaliza mambo yake anarudi, inshallah."

Likizo! Sisi tuandike barua za kuacha kazi, yeye ameandika ya likizo. Labda hana nia mbaya. Labda anauogopa huo mkahawa wake kuliko mimi. Lakini angetuambia.

Nilimpigia Namutebi, leo ni siku yake ya mapumziko. Akapokea kwa furaha.

"Nimeshapeleka barua, dada. Nimetoka ofisi ya wafanyakazi sasa hivi, walikuwa wakifunga. Khalas, imekwisha."

Nikamweleza habari ya visu na ya likizo. Nikakimbia ofisini, nikakuta wameshafunga, na huku Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko, hawafungui mpaka Jumapili.

Sasa ni usiku, Namutebi amelala, amegeukia ukutani. Najua hajasinzia. Jumapili tutakuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua, tuombe ile barua irudi. Watamkubalia?

Sir mambo yakimharibikia Mankhool, atarudi afungue taulo lake, aendelee na kazi. Namutebi hana alichoacha kwenye droo yoyote mle.