Kucha za Nimia

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Profesa Cañete kanisimamisha mbele ya darasa zima. "Liboria, piga tremolo." Nikapiga. Gumba kwenye uzi mnene wa gitaa, kisha kidole cha pete, cha kati, cha shahada kwenye uzi mwembamba, mbio mbio, tena na tena. Akafumba macho. "Mnasikia? Punda wa miguu mitatu!" Wakacheka wote. Nimia alicheka kaziba mdomo. Adabu yake hiyo!

Kisha akampa Nimia kipande hicho hicho. Sauti ikatiririka kama maji, haina kiungo.

Tarehe kumi na tano Maestro Ibarlucea anakuja kutoka Buenos Aires. Atamsikiliza mmoja wetu tu, na akimpenda ataondoka naye akamfundishe. Mimi au Nimia. Profesa ataamua siku moja kabla.

Alhamisi, 8 Agosti
Baridi. Vidole ganzi. Nimevipasha moto kwenye birika, nikachomeka leso chini ya nyuzi ili utamu wa gitaa usinidanganye, nisikie mapigo tu. Polepole. Mkazo kwenye kidole cha pete. Bado kinachelewa. Bado punda.

Mama mwenye nyumba kapita mlangoni, kasikia gitaa lililozibwa: mwanangu, hilo zee linalokohoa humo ndani halijapona tu?

Jumamosi, 10 Agosti
Nimia kaja analia. Alikuwa anakwangua mbeju, chapati ya muhogo, iliyogandia kikaangoni, ukucha wa kidole cha pete ukakatikia kwenye nyama.

"Dada Libo, nitengenezee. Wewe ndiye fundi wetu."

Kweli. Tunapiga nyuzi kwa kucha, na ukucha ukikatika darasa zima huja kwangu. Nakata kipande cha mpira wa ping-pong, nakibandika kwa gundi, nakipitisha msasa — ukucha mpya! Mpira ulikuwepo kwenye droo. Gundi pia.

Nikasema vimeisha. Halafu nikaongeza: "Tena Maestro hapendi kucha, mdogo wangu. Anapenda nyama tupu, kama wapigaji wa zamani. Kata zote za mkono wa kulia, sauti ilingane."

Sijui Maestro anapenda nini. Sijawahi hata kumwona.

"Kweli, dada?"

"Sasa nikudanganye ili iweje?"

Akanipa mkono. Nilimkatia mwenyewe, ukucha baada ya ukucha, bila kumuumiza. Zitachukua miezi kuota. Akanibusu shavuni, akaniachia chipa ya moto, kimkate cha jibini. Nimeila yote. Jibini lilikuwa limekolea.

Jumatano, 14 Agosti
Nimia hakumaliza hata nusu ukurasa. Vidole vinateleza, tremolo inanong'ona kama mgonjwa wa mafua. Profesa akamshika mkono, akauinua juu, watu wote waone.

"Nani kakushauri upumbavu huu?"

Nimia akatazama sakafu.

"Haya, toka. Kaoshe vikaango."

Kisha akanigeukia. "Kesho utapiga wewe. Punda ni punda, lakini huyu angalau ana kwato." Wakacheka. Nami nikacheka. Nimeshinda!

Alhamisi, 15 Agosti
Nyuma ya jukwaa. Naandika ili mkono utulie. Ukumbi umejaa.

Nimia kaja na gauni jeupe, kaniwekea sawa kibao cha kukanyagia mguu nikipiga. Nimemuuliza kwa nini jana hakunitaja.

"Ah, dada! Profesa anajua nini? Angekugombeza bure." Akacheka. "Maestro yupo chumba hicho hapo, anakunywa kahawa. Naenda kumwomba anisikilize dakika moja tu. Nitamwambia wewe ndiye uliyeniambia anachopenda. Akujue na wewe!"

Nikamshika mkono. Ngoja, usimsumbue mzee wa watu. Akajichomoa, taratibu. Vidole laini kama vya mtoto.

Mlango umefungwa. Nasikia gitaa lake mle ndani, kwa sauti ya chini sana. Sauti imekatika. Maestro anauliza kitu. Nimia anajibu — anajibu kirefu, kwa furaha.

Profesa ananiita jukwaani. Watu wanapiga makofi. Kidole cha pete kimekakamaa, hakikunjiki.

Ananiita tena. Mlango wa Maestro unafunguka.